Kusuuza Machicha: Hotuba kwa Wapika Bia wa Nyumbani, Mbeya

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotoka majumbani asubuhi hii ya baridi ya Juni, mama zangu, kaka na dada zangu, shikamooni wakubwa wote. Na kwenu mliopanda basi kutoka Iringa na Njombe, kamwene. Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kuloweka kimea katika maji ya moto na kusuuza machicha yake tunapopika bia nyumbani. Nashukuru kwamba nimepewa hatua hiyo moja badala ya kutakiwa nieleze pombe nzima, kwa sababu katika miaka yote niliyopika na kuonja ya wenzangu nimeona kwamba ladha mbaya ambayo watu huilaumu hamira, mtungi au maji ya bomba, mara nyingi ilikwisha kuingia kabla hamira haijaguswa.

Juu ya meza hii kuna majagi matatu yaliyofunikwa kwa vitambaa. Yote yametoka katika ndoo moja, kwa kimea kilekile nilichokiloweka leo alfajiri. Hayana kileo bado, kwa hiyo hata asiyetumia pombe anaweza kuonja, na nitayafunua mwishoni. Niseme pia mapema kwamba sizungumzii gongo, ambayo sheria imeikataza na ambayo imekwisha kuua watu. Nazungumzia bia, kinywaji cha watu wazima kinachochachuka bila kukenekwa.

Wengi wetu tuliiona kazi hii kabla ya kujua jina lake. Bibi yangu alikuwa akipika togwa kila wakati wa mavuno. Alipika uji wa mahindi mzito kiasi cha mwiko kusimama wenyewe, akauipua, akauacha upoe, akachovya kidole na kukitoa, akangoja tena, akachovya tena, na kidole kilipostahimili ndipo aliponyunyiza unga wa kimea cha ulezi na kuanza kukoroga. Nilikuwa mtoto, nikasimama karibu kabisa na chungu kutazama jambo ambalo hadi leo linanishangaza: uji uliokuwa ukiung'ang'ania mwiko ulilegea mbele ya macho yangu, ukawa mwepesi kama maziwa, na baada ya muda ukawa mtamu bila mtu kutia hata kijiko kimoja cha sukari.

Anayeloweka kimea cha shayiri kwa ajili ya bia anafanya kazi ileile ya bibi yangu. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na mbegu inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kuukata mnyororo huo ili mche upate chakula. Sisi tunaikausha mbegu kabla mche haujala akiba yote, kisha tunaviamsha vimeng'enya kwa maji ya moto. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga kutoka katika kimea kitu chenye uwezo huo wa kugeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi. Leo tunajua kwamba ndani yake mna vimeng'enya viwili vikubwa. Amilesi beta hukata mnyororo kuanzia ncha, kipande kwa kipande, na hutoa sukari ambayo hamira huila kwa urahisi. Hupenda nyuzi joto 60 hadi 65, na ikizidi 70 hufa upesi. Amilesi alfa hukata popote katikati ya mnyororo, hustahimili zaidi, na hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 68 na 72, lakini huacha vipande ambavyo hamira haiwezi kuvila, ndivyo vinavyoipa bia uzito mdomoni. Mpishi anayechagua nyuzi 63 amechagua bia kavu na nyepesi; anayechagua nyuzi 69 amechagua bia nzito yenye utamu unaobaki. Mimi huchagua 66 na kukaa hapo kwa saa nzima, na kwa anayeanza ningeshauri hivyohivyo.

Sasa mtaelewa kwa nini bibi alipika uji kwanza. Wanga wa shayiri hulainika katika joto lilelile ambalo vimeng'enya vya kimea chake hulipenda, kwa hiyo shayiri hujitosheleza. Wanga wa mahindi na wa mtama ni mgumu zaidi, nao huhitaji joto linalofika nyuzi 70 na kuendelea, ambako vimeng'enya vya kimea huanza kufa. Hakuna joto moja linalovifaa vyote viwili. Njia pekee ni kuupika wanga kivyake hadi uvimbe, kuupoza, na ndipo kutia kimea. Hakuna aliyemwandikia bibi kanuni hiyo, lakini aliifuata bila kukosea. Kidole nacho kina habari yake. Ngozi haistahimili nyuzi 60, hivyo kidole kinaporidhika uji umekwisha kushuka chini sana ya joto la bia, na katika joto hilo vijidudu vya uchachu wa maziwa hubaki hai na kustawi. Ndiyo maana togwa na komoni, pombe yetu ya kienyeji, zina uchachu unaotambulika, na uchachu huo ni sifa yake halali. Anayetaka bia isiyo na uchachu hawezi kutumia kidole. Anunue kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote, hata kabla ya sufuria kubwa.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko mtu yeyote. Maelekezo mengi ya kupika bia yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Mbeya tuko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 tu. Kwa wenzetu wa Njombe, walio juu zaidi, maji huchemka mapema zaidi. Kwa kuchemsha shayiri, mahindi au mtama tofauti hiyo haina madhara, maana nyuzi 94 zinatosha kabisa kuuvimbisha wanga. Madhara yako kwenye kuchanganya. Chukueni elekezo linalosema uchanganye sehemu mbili za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji baridi ili kupata maji ya kulowekea kimea. Kwa aliyeliandika, maji ya nyuzi 100 mara mbili na maji ya nyuzi 20 mara moja yanatoa nyuzi 73, na akimwagia kimea kwa kiasi cha lita 3 kwa kilo, joto linatulia kwenye 66, sawasawa na alivyotaka. Mimi, asubuhi ya Juni, maji yangu ya moto ni 94 na maji ya bomba ni kama 15. Mchanganyiko wangu unatoa chini kidogo ya 68, na kimea kikishaingia joto linashuka hadi kwenye 61. Nimefuata elekezo neno kwa neno na nimekosa kwa nyuzi 5. Kwa muda mrefu bia yangu ya miezi ya baridi ilikuwa nyembamba kuliko ya Novemba, nami nikailaumu hamira. Kosa lilikuwa katika hesabu ya maji. Pimeni maji kwa kipimajoto kila mara, na msiamini sehemu mbili kwa moja ya mtu aliyeko pwani.

Baridi hiyohiyo huiba joto wakati wa kungoja. Sufuria iliyoachwa wazi jikoni kwangu mwezi Julai hupoteza nyuzi 5 au 6 kwa saa. Mimi huifunika kwa mfuniko wake, kisha kwa mablanketi mawili, na kuiweka ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa matambara, kama wanavyofanya wanaoivisha maharage kwa kuokoa mkaa. Kwa kilo 5 za kimea na lita 15 za maji, hasara hushuka hadi nyuzi moja au mbili. Baada ya saa moja chukueni tone la ule uji, liwekeni kwenye kisosi cheupe, na mlidondoshee ayodini ya duka la dawa. Likigeuka rangi ya buluu iliyokolea kuelekea weusi, wanga bado upo na kungoja kuendelee. Likibaki na rangi ya kahawia ya ayodini yenyewe, wanga umekwisha. Tone hilo humwagwa, halirudishwi sufuriani.

Hapa ndipo wengi huona kazi imekwisha, wakakamua na kwenda jikoni. Ninawaomba msikilize hesabu moja, kwa sababu ndiyo iliyonileta mbele yenu. Katika lita 15 tulizotia, kilo 5 za kimea hushika takribani lita 5, yaani lita moja kwa kila kilo, nazo haziteremki kwa bomba hata mkingoja hadi jioni. Maji hayo yaliyoshikwa ni matamu sawasawa na yale yaliyotoka. Kwa hiyo aliyefungua koki, akapata lita zake 10 na kutupa machicha, ametupa theluthi nzima ya sukari aliyoihangaikia tangu kuotesha mbegu.

Kila aliyewahi kufua nguo kwa maji ya kuchota anajua cha kufanya. Nguo iliyojaa sabuni ukiisuuza mara moja kwa ndoo nzima, sabuni inabaki. Ukiigawa ndoo hiyo mara mbili, nguo inatakata zaidi kwa maji yaleyale. Machicha yako hivyo. Tuseme tuna lita 12 za kusuuzia. Tukizimimina zote kwa pamoja, tukakoroga na kuchuja, kinachobaki ndani ya machicha kwa hesabu ya karatasi ni kama sehemu moja ya kumi ya sukari yote. Tukizigawa lita 6 mara mbili, inabaki sehemu 7 hivi kwa mia. Wapo wanaosuuza kwa kunyunyiza maji polepole juu ya machicha huku chini wakitoa kwa kiasi kilekile, nao hupata zaidi kidogo, lakini hukaa saa nzima wakiangalia koki, na ndoo yenye upenyo mmoja uliozibwa vibaya huwapotezea faida yote. Kwa vyombo vyetu vya nyumbani nasimama na mara mbili za lita 6.

Kabla ya kusuuza, machicha yenyewe yawe kichujio. Chombo changu ni ndoo mbili za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kula, kamwe si za rangi, moja ndani ya nyingine. Ya ndani nimeitoboa matundu madogo chini, ya nje ina koki. Maji ya kwanza kutoka ni mazito kwa unga. Yakingeni kwa jagi na kuyarudisha juu taratibu, mara tatu, mara nne, hadi yatoke maangavu. Kinachoyachuja ni maganda ya shayiri yaliyolala yakapangana, na ndiyo sababu kimea hakitakiwi kusagwa kuwa unga. Ukikipeleka kwenye mashine ya sembe, utarudishiwa unga laini utakaoziba kama udongo wa mfinyanzi. Kipasueni kwa kinu cha mkono, au kitwangeni kidogo kwa mchi, punje igawanyike vipande viwili vitatu na ganda libaki karibu zima.

Wenzetu wanaotumia ulezi au mtama hawana maganda ya kutegemea, na hapo ndipo machozi hutoka: maji hukaa juu, chini hapadondoki kitu. Dawa yake iko hapa mkoani kwetu. Nendeni kwenye mashine yoyote ya kukoboa mpunga Mbarali au Kyela, mtakuta maganda ya mpunga yamelundikana. Chukueni robo hadi nusu kilo kwa kilo 5 za kimea, yaosheni vizuri hadi maji yawe safi, yalowekeni kidogo, na myachanganye na kimea kabla ya kuchuja. Hayana ladha wala sukari. Kazi yake ni kuacha njia.

Sasa nije kwenye ukakasi, kwa sababu kusuuza kuna mpaka wake. Maganda yana tanini, zilezile zinazoufanya mdomo ukauke na ulimi ukunjamane ukitafuna ndizi mbichi. Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi tunazijua vizuri: chai iliyoachwa juu ya majani yake tangu asubuhi hadi mchana ina ladha hiyo, na sukari haiifichi. Tanini hutoka kwenye maganda kwa sababu mbili, joto kupita kiasi na ukosefu wa uchachu. Maji ya kusuuzia yasizidi nyuzi 77. Kwa hapa kwetu sehemu tatu za maji yanayochemka kwa sehemu moja ya maji baridi hutoa nyuzi 74, nami nimezoea hivyo, ingawa bado naweka kipimajoto kuhakikisha.

Mwaka fulani nilikuwa napika kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu. Wageni wakubwa walikuwa wengi, muda ulikuwa mfupi, na mkaa ulikuwa unaisha. Nilichukua birika lililokuwa likitokota nikalimimina lote juu ya machicha, nikarudia tena, kisha nikaona maji bado yana rangi nzuri ya asali nikaendelea kukamua hadi lita za mwisho. Bia ilionekana vizuri, ikatoa povu zuri. Mjomba wangu alikunywa nusu bilauri, akaiweka chini kwa heshima, na hakuichukua tena. Nilipoionja mwenyewe nilihisi meno yamevaa kitambaa. Hakuna hamira wala hopsi, yale maua machungu ya bia, ambayo ingeirekebisha. Ukakasi ukishaingia haurudi nyuma.

Sababu ya pili ni ya kikemia, na nitaieleza kwa kifupi. Kimea chenyewe kina uchachu kidogo, na uji wa shayiri uliolowekwa hutulia kwenye pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hupanda uchachu unapopungua, ya 5.2 hadi 5.6, ambayo vimeng'enya huipenda na maganda hukaa kimya. Kila mara unaposuuza unaondoa sukari pamoja na uchachu huo, na maji yanabaki yakifanana zaidi na maji ya bomba. Yakikaribia pH ya 6, tanini zinaanza kutoka. Kipimo hicho cha pH, ambacho leo kinatumika hospitalini, mashambani na kwenye mabwawa ya samaki, kilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmaki Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba elimu hiyo ilitoka kwa watu waliokuwa wakihangaika na kimea kama sisi. Asiye na karatasi za pH akamulie ndimu kidogo katika maji ya kusuuzia, matone machache tu, na awe na mpaka wa kukoma. Mwenye haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari ndani ya maji, akome inaposoma 1.010. Asiye nayo aonje kila lita: utamu ukishakuwa wa kutafuta, afunge koki, hata kama ndoo haijajaa. Kinachopungua ajaze kwa maji safi kwenye sufuria ya kuchemshia, maana maji safi hayana ukakasi.

Jambo moja la afya sitaliruka. Nafaka yenye ukungu, hata ikiwa kidogo, isiingie katika kimea. Kuchemsha hakuondoi sumukuvu, kuchachusha hakuondoi, na kusuuza kunaisafirisha tu hadi kwenye bilauri. Uoteshaji wenyewe una unyevu na joto vinavyopendwa na ukungu, kwa hiyo geuzeni mbegu mara kwa mara na muanike juani kwenye turubai, si kwenye udongo. Machicha mazuri yapeni nguruwe au kuku siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake yatakuwa yamechacha.

Mama, naomba unisaidie kufunua majagi. La kwanza ni maji yaliyotoka yenyewe kabla ya kusuuza: angalieni yanavyonata kwenye kijiko, na utamu wake unavyojaza mdomo kama asali iliyochanganywa na uji wa moto. La pili ni la kusuuza mara ya pili, kwa maji ya nyuzi 74. Ni mepesi, lakini utamu wake ni safi na unaisha bila kuacha kitu. La tatu nimelitoa kwa makusudi baada ya pale nilipopaswa kufunga koki, kwa maji yanayochemka, na kwa macho mtaona linafanana sana na la pili. Pitisheni vikombe kuanzia kwa wazee wa mbele, mchukue funda dogo la kila kimoja kwa mpangilio huo, na mkifika la tatu msimeze upesi. Liacheni likae juu ya ulimi.